Wimbo Hautakaswi kwa Amri: Fundisho la Muziki wa Hispania

Katika mabaraza ya watu wanaoshughulikia utamaduni, mara kwa mara husikika hoja moja ambayo imekwisha kuota mizizi hata ikaonekana kuwa ni kweli isiyohitaji ushahidi. Hoja yenyewe husemwa hivi: "Tazameni Hispania. Wahispania wanao muziki wao mmoja, flamenco. Wameutunza tangu enzi za mababu bila kuuchanganya na takataka za kigeni. Serikali yao imeulinda, na leo dunia nzima yawatambua kwa muziki huo. Nasi tufanye vivyo hivyo: tuteue muziki ulio safi, tuutenge na mwingine, tuuamrishe mashuleni." Msemaji akiisha kunena hayo, hufunga kwa maneno ya wahenga, Mwacha asili ni mtumwa, na wasikilizaji wakapiga makofi.

Methali ni ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mfano huo wa Hispania, kwa kuwa hauna hata kiungo kimoja kilicho cha kweli. Hispania haina muziki mmoja. Flamenco haijapata kuwa safi, kwa maana wanayoikusudia wasemaji hao, hata siku moja. Na serikali za Hispania, kwa karne nyingi, hazikuwalinda watunzi wa muziki huo bali ziliwafunga. Na zilipokoma kuwafunga, ziliwavika sare. Mfano wa uongo ukifundishwa darasani huzaa hukumu za uongo nje ya darasa, na watakaoumia ni vijana wetu wenye vipaji. Kwa hiyo yapasa mfano huu tuuchambue kipande kwa kipande.

Hispania si moja

Hispania, kama zilivyo nchi nyingi zilizounganishwa kwa upanga na kwa ndoa za wafalme, ni nchi ya mataifa kadhaa chini ya bendera moja. Kusini, katika jimbo la Andalucía, ndiko kwenye kitovu cha flamenco: sauti ya mwimbaji mmoja, gitaa, makofi, na miguu inayopiga sakafu. Upande wa kaskazini, katika Aragón, watu hucheza jota, ngoma ya kurukaruka yenye mwendo wa mapigo matatu, wachezaji wakiinua mikono na kugonganisha vibao vidogo vya vidoleni. Katika Cataluña watu hushikana mikono wakafanya duara na kucheza sardana kwa hatua za kuhesabu. Wapigaji wake ni 11 na ala zao ni 12, kwa kuwa mmoja wao hupuliza filimbi ndogo kwa mkono mmoja na kupiga kigoma kwa mkono wa pili. Katika Galicia hupulizwa gaita, zumari lenye mfuko wa ngozi unaojazwa upepo. Katika nchi ya Wabaski kuna txalaparta, mbao nene zilizolazwa ambazo hupigwa na watu wawili kwa vijiti, mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake.

Wala majimbo hayo hayatofautiani kwa ngoma tu. Wakatalani, Wabaski na Wagalisia wana lugha zao, na nyimbo zao zimetungwa kwa lugha hizo. Mzee wa Kibaski akiambiwa kuwa flamenco ndiyo ngoma ya kwao, atamshangaa msemaji kama vile mzee wa Kimakonde atakavyomshangaa mtu anayemwambia kuwa sindimba ni ngoma ya kila Mwafrika.

Basi, dunia ilipataje kuamini kuwa Hispania ni flamenco? Iliambiwa hivyo na wageni. Mwaka 1875 Mfaransa Georges Bizet alionyesha mjini Paris opera yake iitwayo Carmen, kisa cha mwanamke wa Kigitano wa Sevilla, kutokana na hadithi ya Mfaransa mwenziwe, Prosper Mérimée. Bizet hakuwa amekanyaga Hispania. Wimbo maarufu kuliko zote katika mchezo huo aliutoa kwa Sebastián Iradier, mtunzi mzaliwa wa nchi ya Wabaski, na mwendo wake ni habanera, yaani ngoma ya Havana, kisiwani Cuba. Hivyo Wazungu walioketi katika ukumbi wa Paris, wakidhani wanasikia sauti ya Andalucía, walikuwa wakisikia kazi ya Mfaransa, muziki wa Mbaski na mwendo wa Cuba.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya kale. Wimbo wa "Y viva España", ambao mamilioni ya watalii wameuimba ufukweni kana kwamba ni wimbo wa taifa, ulitungwa Ubelgiji mwaka 1971, ukaimbwa kwanza kwa Kiholanzi. Mwimbaji Mhispania, Manolo Escobar, aliuimba kwa Kihispania mwaka 1973. Huo ndio "usafi" tunaoambiwa tuuige.

Nasaba ya mchanganyiko

Tuiangalie flamenco yenyewe. Mwaka 822 aliwasili Córdoba mwanamuziki Ziryab, aliyetoka Baghdad, akaleta katika jumba la watawala Waislamu wa Andalucía elimu ya uimbaji na ya kupiga udi. Ala hiyo Waarabu huiita al-ud. Wahispania wakatohoa wakasema laúd. Nasi tunaiita udi, nayo ndiyo iliayo katika taarabu ya Unguja. Neno moja limevuka bahari mbili, likafika Córdoba na likafika Zanzibar, wala hakuna aliyeliuliza hati ya kuzaliwa.

Katika karne ya 15 waliingia Wagitano, ambao katika nchi nyingine za Ulaya huitwa Wajipsi. Asili yao ya mbali ni Bara Hindi, na maandishi ya Hispania yanawataja tangu mwaka 1425. Waliwakuta huko Waarabu, Wayahudi, wakulima wa Kikastilia, na baadaye Waafrika waliouzwa utumwani katika mji wa Sevilla. Kisha merikebu zikaanza kwenda Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi na kurudi, na nyimbo zikapanda merikebu hizo pamoja na mabaharia. Mpaka leo flamenco ina fungu zima la nyimbo zinazoitwa "za kwenda na kurudi", kama vile guajira na milonga, kwa kuwa zilichukua mwendo wake ng'ambo.

Kutokana na mchanganyiko huo umetoka ufundi wa hali ya juu. Soleá, mojawapo ya mihimili ya flamenco, ina mzunguko wa mapigo 12, na mkazo wake huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mwalimu awape wanafunzi wake mzunguko huo waupige kwa makofi. Wataona mara moja kuwa si kazi ya watu wasio na elimu, ingawa wengi walioujua hawakupata kuingia darasani.

Na mchanganyiko haukukoma. Kasha la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja, ambalo mtalii wa leo huliona katika kila kikundi cha flamenco akadhani ni la tangu zamani za kale, ni ala ya Waafrika wa Peru. Mpigaji gitaa mashuhuri, Paco de Lucía, aliiona huko mwaka 1977 akarudi nayo. Kwa hiyo umri wake katika flamenco haujatimia hata karne moja.

Tutazame na rumba. Ngoma hii waliiumba watu wa asili ya Kiafrika huko Cuba. Tawi lake moja lilifika Hispania, na katika mitaa ya Wagitano wa Barcelona kijana Peret, aliyezaliwa mwaka 1935, akaichanganya na mambo ya Cuba na mwendo wa rokenroli ya Marekani. Mkono wake wa kulia ulipiga nyuzi na ubao wa gitaa kwa pamoja, gitaa likawa na ngoma ndani yake. Tawi jingine lilirudi Afrika katika sahani za santuri, hasa zile za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933, likaangukia Kongo na Afrika Mashariki. Peret wa Barcelona na wapigaji wa dansi wa Léopoldville na Dar es Salaam walikuwa, kwa muziki, wajukuu wa bibi mmoja.

Marufuku

Sasa tuje kwenye "ulinzi" wa serikali. Mwaka 1499 wafalme Fernando na Isabel waliamuru kila Mgitano apate makao na bwana wa kumtumikia katika siku 60, la sivyo achapwe viboko na kufukuzwa nchini. Mwaka 1567 Mfalme Felipe II aliwakataza Wamorisko wa Granada, yaani kizazi cha Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, wasiseme Kiarabu, wasivae mavazi yao, wala wasicheze zambra, ngoma yao ya sherehe. Mwaka uliofuata waliasi, wakashindwa, na kati ya mwaka 1609 na 1614 Wamorisko wapatao 300,000 walifukuzwa Hispania.

Wagitano walibaki, na zamu yao ikafika. Usiku wa tarehe 30 Julai 1749, kwa mpango wa waziri aliyeitwa Marqués de la Ensenada, askari wa Mfalme Fernando VI waliwakamata Wagitano nchini kote kwa pamoja. Watu wapatao 9,000 walitiwa mbaroni. Wanaume walipelekwa kufanya kazi za kulazimishwa kwenye maboma ya kutengenezea merikebu za kivita. Wanawake na watoto wakafungwa mbali nao, kusudi kizazi chao kikatike. Wengine hawakuachiliwa mpaka miaka ya 1760. Mwaka 1783 Mfalme Carlos III aliwahesabu kuwa raia kama wengine, lakini kwa sharti la kuacha lugha yao, mavazi yao, na hata jina lao.

Flamenco ilikua katika mazingira hayo. Martinete ni nyimbo zinazoimbwa bila gitaa, na mapokeo huzinasibisha na karakana za wahunzi, ambako nyundo na fuawe ndizo zilizokuwa ala. Carcelera ni nyimbo za magerezani. Taranta na minera ni za machimbo ya madini ya Linares na La Unión. Anayezisikiliza nyimbo hizi kwa sikio la kitaratibu atasikia ndani yake vifo, njaa, pingu na mama aliyeachwa. Hazikutoka katika wizara yoyote. Zilitoka kwa watu ambao dola ilitamani wasiwepo.

Utakaso

Adui wa kwanza wa muziki wa watu ni mwenye kuuchukia. Huyo hujitambulisha mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mwandishi Eugenio Noel alizunguka Hispania akihubiri dhidi ya mchezo wa fahali na dhidi ya flamenco, akidai kuwa ndivyo vinavyolidumaza taifa. Mtu wa namna hiyo twaweza kumjibu. Mgumu kumjibu ni adui wa pili, yaani yule anayeupenda muziki mpaka akataka kuuosha.

Mwezi Juni mwaka 1922, katika ngome ya Alhambra mjini Granada, mtunzi Manuel de Falla na mshairi kijana Federico García Lorca, pamoja na rafiki zao, waliandaa mashindano ya cante jondo, yaani uimbaji wa kina. Walikuwa watu wa heshima na mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Waliona kuwa nyimbo za kale zimechafuliwa na mikahawa ya starehe ambamo zilikuwa zikiimbwa kwa malipo tangu karne iliyotangulia, wakataka kuzirudisha kwenye chemchemi. Kwa hiyo wakapiga marufuku waimbaji wa kulipwa waliozidi umri wa miaka 21. Mwimbaji awe mtu wa kijijini, asiyeharibiwa na jukwaa!

Matokeo yakawa nini? Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Antonio Chacón, ambaye sifa yake yote aliipata katika mikahawa ile ile. Miongoni mwa washindi alikuwamo mzee Diego Bermúdez, ambaye baada ya mashindano hakusikika sana; na mwingine alikuwa mtoto wa miaka 12, Manolo Caracol, ambaye hakuwa mchungaji wa mbuzi bali mzaliwa wa ukoo wa waimbaji. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, katika miaka ya 1940, alipanda jukwaani na Lola Flores akaimba flamenco kwa okestra nzima, mbele ya umati uliolipa viingilio. Na Lorca mwenyewe, mwaka 1931, aliketi kwenye piano akarekodi nyimbo za kienyeji pamoja na mwimbaji La Argentinita. Piano si ala ya Andalucía, lakini hakuiogopa. Mshairi alikuwa amekwisha kupita pale ambapo wafuasi wake wengine wamesimama mpaka leo.

Baadaye alitokea Antonio Mairena, aliyetunukiwa Ufunguo wa Dhahabu wa uimbaji mjini Córdoba mwaka 1962. Nampa heshima yake: aliokoa nyimbo nyingi ambazo zingezikwa na wazee. Lakini katika kitabu alichokiandika na mshairi Ricardo Molina, kilichotoka mwaka 1963, nyimbo ziliwekwa katika daraja, zilizohesabiwa kuwa za Kigitano zikawa juu, na nyingine zikawa watoto wa kambo. Mizani hiyo ikageuka sheria kwa wapenzi wengi. Mwaka 1979 Camarón de la Isla, ambaye ni Mgitano kwa baba na mama, alitoa sahani ya La leyenda del tiempo, yenye mashairi ya Lorca, gitaa la umeme na ngoma za kisasa. Wapenzi wa usafi waligutuka. Sahani haikununuliwa, na husimuliwa kuwa wako walioirudisha madukani wakidai kuwa huyu siye Camarón. Leo sahani hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi kuu za flamenco. Camarón alifariki mwaka 1992, na vijana wa Kigitano huimba kwa kumwiga yeye.

Hapa sharti nitenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Rosalía wa Cataluña, ambaye si Mgitano wala si wa Andalucía, alipotoa El mal querer mwaka 2018, baadhi ya Wagitano walinung'unika. Waliouliza kwa nini sifa na fedha humwendea mgeni, ilhali waimbaji wa mitaa yao hawana kazi, walikuwa wakidai haki, na dai lao lastahili kujibiwa. Lakini waliosema kuwa mtu wa damu nyingine haruhusiwi kuimba walikuwa wakidai usafi, na dai hilo historia yote niliyoieleza yalikanusha. Haki huulizwa juu ya jasho na malipo. Usafi huulizwa juu ya damu. Tukilijibu dai moja kwa jawabu la jingine, tutawadhulumu wenye haki na kuwapa nguvu wenye ubaguzi.

Sare

Lorca aliuawa kwa risasi mwezi Agosti 1936 na wafuasi wa uasi wa kijeshi ambao mwaka 1939 ulimtawaza Jenerali Francisco Franco. Huyu alitawala mpaka alipokufa mwezi Novemba 1975, na katika utawala wake msomaji ataona adui wa tatu, aliye mwerevu kuliko wale wawili. Hakuuchukia muziki wa watu wala hakujali usafi wake. Aliuajiri.

Wakati huo uliovuma sana ulikuwa copla, wimbo wa kisa, uliotungwa kwa ustadi na akina Rafael de León na Manuel Quiroga, ukaimbwa na Concha Piquer na wenziwe. Ulikuwa ukipendwa na watu wa pande zote mbili za vita. Utawala ukauchukua. Miguel de Molina, mmoja wa waimbaji wake wakubwa, aliyewaburudisha askari wa Jamhuri, baada ya vita alitekwa mjini Madrid akapigwa vibaya, na mwaka 1942 alikimbilia Argentina. Wimbo wa "Ojos verdes" ulitaja danguro. Wakaguzi wakalitaka neno hilo liondoke, na mahali pake pakawekwa nyumba ya heshima. Mwimbaji alifukuzwa, neno likafutwa, muziki ukabaki kuitwa fahari ya taifa.

Kitengo cha wanawake cha chama kilichotawala kiliunda vikundi vya kwaya na ngoma vilivyokusanya michezo ya majimbo. Nakiri kuwa kazi hiyo iliokoa hatua na mavazi mengi yasipotee. Lakini angalieni siasa yake: Mkatalani aliruhusiwa kucheza katika vazi la jadi mbele ya wakubwa, ilhali lugha yake ilifukuzwa shuleni na maofisini. Ngoma ilisalimika, mdomo ukafungwa.

Kisha wakaja watalii. Mwaka 1960 Hispania ilipokea wageni wapatao milioni 6. Mwaka 1970 walikuwa wapatao milioni 24. Wizara ya Habari na Utalii ilieneza duniani msemo wa kuwa Hispania ni tofauti, na picha yake ikawa mwanamke wa gauni la madoadoa. Kumbi za flamenco zikafunguliwa kwa ajili ya wageni, na mmojawapo, uliofunguliwa Madrid mwaka 1954, uliitwa Zambra. Msomaji akumbuke mwaka 1567. Jina la ngoma ambayo mfalme aliifanya kuwa hatia ndilo lililoandikwa mlangoni ili kumvuta mgeni mwenye fedha za kigeni. Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa chema kilitembezwa ili kuficha kibaya.

Waliokataa

Wako waliokataa sare hiyo. Kwa Kikatalani kilianzishwa mwaka 1961 kikundi cha Els Setze Jutges, na pembeni mwao akaimba Raimon wa Valencia. Mwaka 1968 kijana Joan Manuel Serrat aliteuliwa kuiwakilisha Hispania katika mashindano ya nyimbo ya Ulaya mjini London. Akasema ataimba kwa Kikatalani, lugha ya mama yake sivyo? La! ya baba yake. Maana mama alikuwa wa Aragón. Serikali ikakataa, naye akakataa kwenda. Massiel akapelekwa mahali pake kwa siku chache za matayarisho, akashinda. Mwaka huo huo Lluís Llach alitunga "L'Estaca", kisa cha mambo ya watu wote waliofungwa kwenye kigingi kimoja kilichooza, ambacho kitaanguka wakikivuta kwa pamoja. Wimbo huo wa lugha iliyodharauliwa ulivuka mipaka hata Poland, ambako mwaka 1978 Jacek Kaczmarski aliutungia maneno ya Kipolandi, ukawa wimbo wa wafanyakazi waliopinga dhuluma. Hata katika flamenco walitokea akina José Menese na Manuel Gerena, walioirudishia sauti ya mkulima asiye na ardhi.

Waimbaji hao hawakudai muziki wao uwe safi. Raimon na Llach walishika gitaa na piano, wakajifunza kwa waimbaji wa Ufaransa. Walichodai ni kuwa mwimbaji aseme kweli kwa lugha yake, mbele ya watu wake.

Fundisho

Bila shaka nitaulizwa: je, unataka serikali isijishughulishe na muziki kabisa? La hasha. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa umma, najua faida ya jalada linalotunzwa vizuri. Hispania ya baada ya mwaka 1975 yenyewe yatoa mifano mema: katiba ya mwaka 1978 ilizitambua lugha za majimbo, sheria kuu ya jimbo la Andalucía ya mwaka 2007 iliweka utafiti na ufundishaji wa flamenco mikononi mwa jimbo, na mwaka 2010 UNESCO iliiandika flamenco katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka 11 baadaye, mwaka 2021, iliiandika pia rumba ya Kongo. Kumbuka kuwa ndugu hao wawili waliopotezana wameheshimiwa kwa sababu wako hai, si kwa sababu hawakuguswa.

Sisi tulionywa mapema. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akiunda wizara ya utamaduni, aliwasikitikia wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha lakini wasiojua Gombe Sugu wala Lele Mama. Maneno hayo twayarudia sana. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alisema pia, kwa ukali, kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa tamaduni za wengine ni taifa la wapumbavu. Maneno haya ya pili husahauliwa na watakasaji, wakamnukuu nusu.

Matokeo ya nusu hiyo nimeyaona. Nimeona kikundi cha wanafunzi kikinyimwa alama katika mashindano kwa kuwa kijana mmoja aliingiza gitaa kati ya ngoma za kwao, naye alilitengeneza gitaa hilo kwa mikono yake kutokana na debe na nyuzi za breki ya baiskeli. Mwamuzi alisema kuwa ameharibu asili. Nani alimpa mwamuzi huyo mpaka wa asili? Kama angekaa Granada mwaka 1922 angemfukuza Camarón. Kama angekaa Lima angemzuia Paco de Lucía asibebe kasha lake.

Kwa hiyo, mwalimu, unapofundisha muziki wa taifa lolote, anza na maswali matatu kabla ya kutoa sifa. Nani aliutunga, naye alikuwa katika hali gani? Ulipita wapi mpaka ukafika hapa? Nani anafaidika ukiitwa wa taifa, na nani ananyamazishwa? Nawe mwanafunzi, ukutane na mzee anayejua ngoma ya kwenu, ukae miguuni pake mpaka uijue kwa mapigo yake yote, maana huwezi kukiongezea kitu usichokijua. Hiyo ndiyo maana ya methali yetu: anayeiacha asili ni mtumwa, lakini anayeijua ni huru kuichukua popote aendapo. Ukiisha kuijua, usimwombe mtu ruhusa ya kuongeza pigo lako.

Kwa wale wanaoshika mihuri, nami nikiwa mmoja wao, natoa ubeti huu:

Wimbo haukuzaliwa, katika jumba la enzi,
Waliutunga wonewa, mafukara na wahunzi,
Ulipigwa ukatiwa, shingoni mwake kitanzi,
Msije mkauuwa, kwa jina la kuuenzi.